Kabla hujaandika TB, mwambie avue mtandio: namna ya kuisoma eksirei hatua kwa hatua

Alikuja msichana wa skuli na mama yake, kikohozi cha wiki mbili na kitu, kakonda kidogo, picha ya kifua ishapigwa na juu ya pafu la kulia pale karibu na shingo pana weupe wa mawimbi mawimbi. Mie na mwenzangu tukaangaliana, TB hii, tukaanza kujaza fomu. Muuguzi mmoja mtu mzima alikuwa anapita akatuuliza, nywele zake mmezitazama? Mtoto akavua mtandio, kasukwa mkia mmoja mnene umeteremka mpaka begani, upande ule ule wa kulia. Tukazifunga nywele utosini, picha ikarudiwa, pafu safi halina kitu, na makohozi tukayapeleka vilevile yakarudi hayana kitu. Mtoto angekunywa vidonge miezi sita kwa sababu ya nywele.

Tangu siku ile naisoma kila picha kwa utaratibu mmoja, iwe ya kifua au ya mguu, na ndo nnaotaka kuueleza hapa kwa wenzangu mlioko vituoni na spitali zetu za Pemba na Unguja, matabibu, wauguzi, vijana wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) mlioko mazoezini, ambao picha inaletwa mezani, radiolojisti, daktari bingwa wa kusoma picha, hayupo karibu, na mgonjwa yuko kwenye benchi anakusoma uso. Asiye mtu wa kazi hii akisoma pia ni sawa, lakini asijitibu kwa picha.

Hatua ya kwanza: picha hii ya nani, na upande gani

Usiangalie mapafu bado. Angalia jina, umri, tarehe. Majina yetu huku yanafanana mno, kwa hiyo mie nataka majina matatu na shehia, nikikosa namwita mgonjwa mwenyewe. Halafu tafuta alama ya upande, R ni kulia na L ni kushoto. Alama iliyowekwa kwenye sahani (lile bamba linalopokea picha) wakati wa kupiga naiamini zaidi kuliko iliyotiwa baadae kwenye kompyuta.

Hapa ndo utakutana na watu ambao moyo wao uko kulia. Ukiuona moyo umeelekea kulia jiulize mwanzo, picha imegeuzwa? Muulize aliyepiga, kisha msikilize mgonjwa kwa stethoskopu, moyo unapiga wapi. Tazama na lile povu jeusi la hewa ya tumbo la chakula ambalo kwa kawaida liko chini ya kiwambo (ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo) upande wa kushoto. Kama moyo na povu vyote vimehamia kulia na alama ni sahihi basi mtu huyu viungo vyake vyote vimepangika kinyume kama vile unamuona kwenye kioo, na wengi wao ni wazima kabisa wala hawajijui. Mwambie na umuandikie, kwa sababu siku akiumwa kidole tumbo maumivu yatakuwa kushoto na hakuna atakaefikiria. Akiwa na mafua na kikohozi kisichokwisha tangu utotoni mpeleke mbele, kuna maradhi ya mirija ya hewa yanayokwenda pamoja na mpangilio huo.

Hatua ya pili: picha yenyewe inafaa kusomwa?

Makosa mengi nnayoyaona yanatoka hapa, watu wanasoma picha mbovu kama picha nzuri.

Jambo la mwanzo ni alivyosimama. Picha nzuri ya kifua mionzi inaingia mgongoni inatokea kifuani, mgonjwa kabana kifua kwenye sahani, mashine iko mbali kama sentimita 180. Sababu yake ni hii: weka mkono wako baina ya taa na ukuta usiku, ukiusogeza mkono karibu na ukuta kivuli kinakuwa kidogo na kimekaza, ukiusogeza kwenye taa kivuli kinakuwa kikubwa. Moyo uko mbele ya kifua, kwa hiyo kifua kikigusa sahani moyo unatoka na ukubwa wake wa karibu na kweli. Mgonjwa aliyelala kitandani akapigwa kwa mbele, moyo wake utaonekana mkubwa hata kama ni mzima. Kwa hiyo usimuandikie mtu moyo mkubwa kwa picha ya kitandani.

Pili, kavuta pumzi? Hesabu mbavu za nyuma zinazoonekana juu ya kiwambo, ukipata tisa au kumi upande wa kulia vizuri, ukipata saba basi hakuvuta, na mapafu yaliyobanwa yanakuwa meupe chini kama nimonia. Bibi zetu wengi hawavuti kwa sababu hawakuelezwa, wanaambiwa "vuta" wanavuta shuka. Muoneshe wewe kwanza kwa kifua chako. Tatu, kageuka? Angalia ncha mbili za mitulinga pale katikati, ziwe mbali sawasawa na mfupa wa mgongo uliopo kati. Nne, nguvu ya mionzi, uzione pingili za mgongo kwa mbali nyuma ya moyo, usipoziona kabisa picha ni nyeupe mno, ukiziona kila kitu kama mchana basi picha imeungua, mapafu yametoka meusi mno na ugonjwa mdogo umeshapotea.

Na vitu vya nje! Nywele nishasema. Vifungo, pini za buibui, mkufu, hirizi shingoni au kiunoni, hizi zote zinaonekana kwenye picha. Hirizi watu wanaona haya kuitoa au hawataki, zungumza nae kwa adabu, mwambie ataivaa tena dakika mbili zijazo, asilazimishwe mbele ya watu.

Picha ikiwa mbovu rudia, ila usirudie ovyo maana kila picha ni mionzi, na mwanamke wa umri wa kuzaa aulizwe siku zake kabla, kwa faragha, si mbele ya mkwewe.

Hatua ya tatu: pita njia ile ile kila siku

Rangi ni tano tu. Hewa nyeusi, mafuta kijivu cha kiza, nyama na maji kijivu cha mwanga, mfupa mweupe, chuma ni cheupe kushinda vyote. Kumbuka maji, damu, usaha na nyama ni rangi moja, eksirei haikwambii ni kipi.

Mie naanza juu katikati nateremka. Bomba la hewa liko katikati, kwa mtu mzima linaweza kuelekea kulia kidogo na ni kawaida. Moyo, pima kwa rula upana wake, ukizidi nusu ya upana wa ndani wa kifua kwa mtu mzima kwenye picha nzuri ya kusimama basi ni mkubwa, mtoto mchanga mwachie nafasi zaidi. Mizizi ya mapafu, pale mishipa na mirija ya hewa inapoingilia pafu, wa kushoto kwa kawaida uko juu kidogo ya wa kulia. Kiwambo, cha kulia ndo kilicho juu kidogo. Kisha mapafu, na hapa usilisome pafu moja mpaka chini halafu la pili, linganisha kulia na kushoto kwa mapande, juu na juu, kati na kati, chini na chini. Malizia mifupa na ngozi.

Halafu rudi kwenye mafichoni, sehemu nne ambazo ugonjwa hujificha: vileleni nyuma ya mitulinga, nyuma ya moyo, mizizini, na chini ya kiwambo. Mie hata nikishaona ugonjwa mkubwa katikati nalazimisha macho yangu yende hizo sehemu nne, kwa sababu jicho likishapata kitu linaridhika linaacha kutafuta.

Kifua, yenye ugonjwa

TB ya mtu mzima inapenda juu, weupe wa mabaka vileleni na mara nyingi shimo jeusi ndani yake lenye ukuta mnene. Mtoto ni tofauti, kwake tezi zinavimba mizizini na pafu linaweza kuwa zima. Mwenye VVU ambae kinga imeshuka anaweza kuwa nayo chini, au tezi tu, au picha ikawa safi kabisa na huku anayo, kwa hiyo picha safi isikuzuie kupima makohozi. Kuna na ile iliyotapakaa mwili mzima, vidoa vidogo vya milimita 1 mpaka 3 mapafu yote mawili kama umemwaga uwele, hii ukiiona usingoje kesho.

Linalotusumbua zaidi huku ni TB ya zamani. Mtu katibiwa miaka mingi nyuma, pafu limebaki na makovu, mzizi umevutwa juu, kuna chokaa nyeupe. Picha moja haiwezi kukwambia kama ugonjwa umelala au umeamka. Muulize ana picha ya zamani nyumbani, wazee wetu wanazitia chini ya godoro wanazihifadhi vizuri sana, ziweke sambamba. Haijabadilika na makohozi kwenye GeneXpert (mashine ya kupima TB) hayana kitu, basi ni kovu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilikubali programu za kompyuta zisome picha za kifua kuchuja TB kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, ni msaada mzuri pasipo na msomaji, lakini nayo inachuja tu, makohozi ndo yanayothibitisha.

Nimonia ni weupe uliojaa sehemu moja, na ukitazama vizuri ndani yake unaona vijitawi vyeusi, hiyo ni mirija yenye hewa inapita kwenye pafu lililojaa. Kujua iko wapi angalia ukingo gani umepotea: ukingo wa kulia wa moyo umefutika basi ni pande la kati la kulia, kiwambo kimefutika basi ni la chini.

Maji kifuani, pembe ya chini baina ya mbavu na kiwambo inapoteza makali yake, na maji yanapanda pembeni kwa mstari uliopinda kama yanavyoshika ukingo wa gilasi. Kwenye picha ya kusimama yanahitaji kufika kama mililita 200 ndo uyaone, na mgonjwa akilala yanatandaa nyuma, pafu zima linakuwa kama lina ukungu tu na utaweza kuyakosa.

Hewa nje ya pafu: mstari mwembamba mweupe, na nje ya mstari huo ni weusi mtupu bila mishipa. Kama mgonjwa anahema kwa tabu, bomba limesukumwa upande wa pili na presha inashuka, huyo hakutakiwa hata kufika chumba cha picha, hewa itolewe kwanza. Moyo ulioshindwa kazi sikai nao sana, moyo mkubwa, mishipa ya juu imenenepa, vimistari vifupi vya kulala pembeni chini, maji pande zote mbili, na miguu ya mgonjwa itakwambia mapema kuliko picha.

Kifua, maumbile tu

Kivuli cha chuchu ni doa la duara chini pande zote mbili, likiwa upande mmoja tu wasiwasi unaingia, bandika kitu kidogo cha chuma kwenye chuchu urudie, doa likikaa pale pale umemaliza.

Mkunjo wa ngozi ya mgonjwa mwembamba au mzee aliyelazwa unafanana na hewa nje ya pafu. Ila ukiufuata utauona unavuka mpaka nje ya kifua, na mishipa ya pafu inaendelea kupita nje yake. Mtoto mchanga ana tezi ya thaimasi iliyojitanda juu ya moyo na pengine inatoka pembeni kama tanga la ngalawa, watu wanaandika uvimbe, sio uvimbe, itapungua akikua.

Wengine wana kipande cha ziada juu ya pafu la kulia, mstari mwembamba uliopinda unaishia na kitone kama koma, hapo mshipa wa azigo umepita ndani ya pafu badala ya pembeni. Haudhuru.

Ubavu wa shingoni huo unahitaji akili kidogo. Unatoka pingili ya saba ya shingo, na wengi hawajijui. Kujua ni wa shingo au wa kifua angalia yale mabawa ya pingili, ya shingo ya mwisho yanainamia chini, ya kifua ya kwanza yanapanda juu. Mwenye nao akilalamika mkono unakufa ganzi akinyanyua vitu au vidole vinapoa, basi hapo maumbile yameshakuwa ugonjwa, mpeleke mbele.

Na hii ya chini ya kiwambo inatisha. Weusi wa hewa baina ya ini na kiwambo cha kulia mara nyingi maana yake utumbo umetoboka, na mtu huyo anakwenda chumba cha upasuaji. Lakini wapo watu ambao utumbo mpana wenyewe umepanda ukakaa pale. Angalia ndani ya ule weusi, ukiona mikunjo ya utumbo inaukata ni utumbo. Na mshike tumbo! Tumbo gumu kama ubao hilo usilibishanie na picha, mwenye utumbo uliopanda tu anakuwa kakaa anapiga soga.

Mifupa, na msimu wa karafuu

Msimu ukifika Pemba sote tunajua watakuja. Mikarafuu ni mirefu na matawi yake mepesi kuvunjika, mchumaji anafuata kishada cha mwisho kabisa nchani, tawi linamuacha. Nilikuwa kituo kimoja zamani, kaletwa kijana kaanguka kwa miguu, kisigino kimevimba, tukapiga picha ya mguu tu, kisigino kimevunjika, tukamfunga akenda zake. Baada ya siku tatu karudi amebebwa, mgongo unamuuma na miguu haina nguvu, pingili ya kiuno ilikuwa imebonyea tangu siku ya kwanza na hakuna aliyeuliza. Hilo sijalisahau.

Kwa hiyo: aliyeanguka kutoka juu akatua kwa visigino, fuata nguvu ilivyopanda. Visigino vyote viwili, goti, nyonga, mgongo, hasa pale pingili ya mwisho ya kifua inapokutana na ya kwanza ya kiuno. Kwenye picha ya ubavuni ya kisigino chora mistari miwili inayokutana kwenye kilele cha juu cha mfupa, mmoja kutoka nyuma mmoja kutoka mbele, pembe yake inaitwa ya Böhler, kawaida ni digrii 20 mpaka 40, ikishuka chini ya 20 kisigino kimebonyea hata kama huoni ufa.

Kila mfupa taka picha mbili, ya mbele na ya ubavuni, na viungo viwili, cha juu na cha chini yake. Mfupa ukiutazama upande mmoja unaweza kuwa umenyooka na kumbe umehama kabisa. Shingo ya aliyeanguka haijakamilika mpaka uone pingili ya saba inapokaa juu ya ya kwanza ya kifua.

Kifundo cha mkono mgonjwa anaumwa kwenye kile kishimo chini ya kidole gumba na picha haina kitu, usimwambie huna kitu. Kile kijimfupa hakioneshi ufa siku za mwanzo, mfunge hogo, rudia baada ya siku 10 mpaka 14.

Ufa au maumbile?

Swali langu ni moja: kingo zake zikoje? Kipande cha kuzaliwa nacho ni laini kimezungukwa na ganda jeupe pande zote kama kokoto ya pwani. Kipande kilichovunjika leo upande mmoja hauna ganda, una makali. Kisha bonyeza pale pale, panauma? Na mwisho, kama bado una shaka, upande wa pili upigwe ulinganishe.

Kwa kutumia hilo utaitambua pia ya goti yenye vipande viwili, kipande kidogo kiko kona ya juu ya nje na mara nyingi goti la pili liko vivyo hivyo. Utatambua kijimfupa nyuma ya goti, kingine nyuma ya kifundo cha mguu, kingine ndani ya unyayo. Mgongo nao hesabu pingili, wapo wenye sita za kiuno na wapo ambao ya mwisho imeungana na nyonga, ukikosea hesabu daktari wa upasuaji atakwenda pingili siyo.

Watoto ni somo lao peke yao. Mstari mweusi karibu na ncha ya mfupa ni sehemu ya kukulia, si ufa. Pembeni mwa unyayo, kwenye shina la mfupa wa kidole kidogo, mstari wa ukuaji unakwenda kwa urefu wa mfupa na ufa unaukata mfupa kati, likariri hili litakusaidia kila wiki. Kiwiko kina vituo sita vya ukuaji vinavyotokea kwa zamu, takriban miaka 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Cha tatu ni kile kifundo cha upande wa ndani, cha nne kiko chini yake kwenye kiungo. Ukiona cha nne kipo na cha tatu hakipo mahali pake, basi cha tatu kimeng'oka na pengine kimeingia ndani ya kiungo, na unachodhani ni cha nne ndicho chenyewe. Mtoto huyo asirudi nyumbani.

Mwenye selimundu pingili zake zinabonyea katikati juu na chini mpaka zinafanana na herufi H, na kichwa cha nyonga kinaweza kufa kikabonyea, mtoto anaechechemea na ana selimundu apigwe nyonga zote mbili.

Nyonga na kibofu, maana kichocho bado tunacho

Unapopiga nyonga ya mzee aliyeanguka, au tumbo, tazama na kibofu. Kichocho cha mkojo kipo Unguja na Pemba, na mayai yake yakikaa kwenye ukuta wa kibofu miaka yanageuka chokaa. Kwenye picha unaona mstari mweupe mwembamba umezunguka kibofu kizima chini ndani ya nyonga, kama kichwa cha mtoto tumboni, mara ya kwanza nilipouona nilishtuka maana mgonjwa alikuwa mwanamume. Mirija ya figo nayo inaweza kuwa na mistari miwili sambamba. Chokaa haikwambii kama minyoo iko hai, mkojo upimwe, na figo zitazamwe kwa ultrasaundi kama zimejaa. Mtu mzima mwenye kibofu cha hivo akikojoa damu usimpe prazikwanteli, dawa ya kichocho, ukamaliza, saratani ya kibofu inafuata njia hiyo, mpeleke.

Usichanganye na vijiduara vidogo vyeupe chini kabisa pembeni mwa nyonga, vina kitovu cheusi kati, hizo ni chokaa za mishipa ya damu, wazee wengi wanazo wala haziumi.

Hatua ya mwisho: andika

Andika kwanza ulichokiona, halafu unachodhani ni nini, viwili tofauti. "Weupe kilele cha kulia wenye shimo" ni ulichokiona, "TB" ni unachodhani, na atakaesoma baada yako anaweza kukubali cha kwanza akakataa cha pili. Ukikwama, picha ipeleke kwa radiolojisti kwa njia ya spitali yako, jina limefichwa likienda kwa simu, na useme mgonjwa ana nini, maana picha bila maelezo hata bingwa atakisia.

Na kama umekuta maumbile tu, ubavu wa shingo, moyo wa kulia, goti la vipande viwili, mweleze mwenyewe kwa Kiswahili cha kawaida kisha mpe karatasi imeandikwa wazi, aitie pamoja na kadi zake. Kesho ataumwa Unguja au Dar, atapigwa picha na mtu asiyemjua, na karatasi ile itamuokoa na kisu au vidonge visivyomuhusu.